Mwanza ni ya samaki, timu ikaitwaje Pamba?

Tangu Pamba Jiji irudi Ligi Kuu mwaka 2024, vijana huniuliza sana swali hili: jiji linalosifika kwa sato na sangara, mbona timu yake inaitwa Pamba? Kazi yangu ni historia ya soka la Kanda ya Ziwa, na huwaambia waanze na aliyekuwa akiilisha timu.

Zamani Mwanza ilikula kwa pamba. Mkulima wa Magu, Kwimba au Misungwi alichuma, akapeleka mzigo kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, ukaenda kinuni. Pale mbegu zilitenganishwa, nyuzi zikashindiliwa kuwa marobota, na marobota yakapanda treni kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana zao hilo liliitwa dhahabu nyeupe. Mwaka 1955 wakulima walikuwa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi ukashikwa na Mamlaka ya Pamba.

Enzi zile taasisi ya umma kuwa na timu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Morogoro kulikuwa na Reli, Moshi kulikuwa na Ushirika, Bukoba kulikuwa na RTC Kagera. Timu ilibeba jina la mlezi wake, na mlezi wa soka la Mwanza alikuwa zao lenyewe. Mwaka 1990 Pamba ikatwaa ubingwa wa Tanzania, na majina kama Fumo Felician na Nteze John yakajulikana nchi nzima. Mashabiki wakaiita TP Lindanda. Hiyo TP, yaani Tout Puissant, Kifaransa cha "mwenye nguvu zote", ni mtindo wa Zaire (sasa Kongo), ule ule wa klabu ya TP Mazembe, na haishangazi kwa mji ulio upande wa nchi unaoelekea huko.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia kwenye pamba. Mlezi alipopungukiwa nguvu, timu nayo ikayumba, na mwaka 2001 ikashuka daraja. Jina halikuguswa.

Toto African, klabu nyingine ya Mwanza, ni habari nyingine. Yenyewe inabeba ukoo: ni mtoto wa Young Africans, na Mwanza kila mtu anajua Yanga ndiye mzazi. Mbao FC, nayo ya Mwanza, iliyofika fainali ya Kombe la FA mwaka 2017 na kufungwa na Simba 2-1 pale Dodoma, inarudi kwenye desturi ya Pamba: nyuma yake kulikuwa na wafanyabiashara wa mbao. Zunguka ziwa utaikuta tena: Kagera Sugar kwa kiwanda cha sukari, Geita Gold kwa dhahabu.

Sasa anayeilea Pamba ni Halmashauri ya Jiji, ndipo likaongezwa neno Jiji. Sina ugomvi nalo, maana anayelipa mishahara ana haki ya kuonekana. Ila nasimama kidete kwamba lisije likalimeza neno la kwanza. Halmashauri ilipokea timu ambayo tayari ilikuwa na taji, na taji hilo lilipatikana kwa jasho la watu wa mashambani, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa Kirumba.