Komuni ya Ufaransa si kijiji

Makala zinazosimulia vijiji vidogo vya Ufaransa hurudia kosa moja ambalo limezoeleka mno: mwandishi hutaja jina la kijiji, huweka idadi ya wakazi, kisha huieleza idadi hiyo kana kwamba ni ya nyumba zinazolizunguka kanisa. Idadi hiyo ni ya komuni. Komuni ni ngazi ya chini kabisa ya utawala nchini Ufaransa, yenye mipaka, meya, baraza na bajeti. Kijiji ni mkusanyiko wa nyumba tu, wala hakina mamlaka yoyote kisheria.

Mipaka mingi ya komuni za mashambani ilirithiwa kutoka parokia za Kanisa Katoliki. Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789, iliyopitishwa miezi michache baada ya Mapinduzi kuanza, iliipa kila parokia ya mashambani uongozi wake wa kuchaguliwa kama ilivyoipa miji, na mwaka 1793 ikaamuliwa kwamba zote, kubwa kwa ndogo, ziitwe komuni. Katikati ya hatua hizo mbili, mwezi Septemba 1792, usajili wa vizazi, ndoa na vifo uliondolewa mikononi mwa mapadri ukakabidhiwa manispaa, na kuanzia hapo historia ya watu wa mashambani ikawa inaandikwa katika vitabu vya ofisi ya meya. Leo komuni zimekaribia 35,000, na takribani nusu yake hazifikishi watu 500.

Msomaji wa Tanzania, anayejua kijiji kilichosajiliwa chenye mwenyekiti na vitongoji vyake, atauelewa mpangilio huu upesi kuliko wengi. Komuni ya mashambani huwa na makazi makuu, penye kanisa, ofisi ya meya na mnara wenye majina ya waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na huwa na vitongoji pamoja na nyumba za wakulima zilizotawanyika kilomita kadhaa kutoka hapo.

Oradour-sur-Glane inaonyesha uzito wa tofauti hii. Katika sensa ya mwaka 1936 komuni hiyo ilikuwa na wakazi 1,574, lakini waliokaa katika kijiji chenyewe walikuwa 330 hivi. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Waffen-SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, waliwaua humo watu zaidi ya 640. Anayedhani kwamba 1,574 ni idadi ya kijiji ataamini kuwa zaidi ya nusu ya wanakijiji walinusurika, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha ukweli, kwa sababu kijiji kiliangamizwa chote, pamoja na wakimbizi waliohifadhiwa hapo na watoto wa vitongoji waliokuwa wamekuja shule siku ile.

Komuni inaweza hata kubaki bila mtu. Fleury-devant-Douaumont, karibu na mji wa Verdun, ilikuwa na watu 422 kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya Juni na Agosti 1916 kijiji kilitekwa na kutekwa tena mara 16, na ardhi ikajaa mabomu kiasi kwamba haikujengwa upya. Leo, kati ya mashimo yaliyoota nyasi, vibao vinaonyesha palipokuwa na nyumba ya mkulima, ya mfumaji, ya mwoka mikate. Hata hivyo komuni haikufutwa. Ina meya anayeteuliwa na mwakilishi wa serikali mkoani, na ndivyo ilivyo kwa komuni nyingine tano za eneo hilo zisizo na mkazi hata mmoja.

Idadi yenyewe nayo ina namna mbili. Idadi ya manispaa huhesabu wenye makazi ya kawaida katika komuni. Idadi ya jumla huwaongeza watu wanaohesabiwa kando, kwa mfano mwanafunzi wa miaka 20 anayeishi mjini anakosoma huku wazazi wake wakiwa kijijini. Mwanafunzi huyo huingia katika idadi ya jumla ya komuni mbili, kwa hiyo anayejumlisha idadi za namna hiyo za komuni kadhaa atawahesabu watu wengine mara mbili. Wenye nyumba za likizo hawamo katika idadi ya manispaa, hata kama hukaa hapo majira yote ya joto. Tena tangu 2004 komuni zenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa kwa zamu, kila moja mara moja katika miaka mitano, kwa hiyo takwimu ya mwaka fulani si lazima iwe imetokana na hesabu iliyofanywa mwaka huohuo.

Anayeandika juu ya mahali pa namna hii angeandika tu kwamba komuni fulani ilikuwa na wakazi kadhaa kwa idadi ya manispaa ya mwaka fulani; na akikusudia kijiji chenyewe, akitenge na vitongoji kabla ya kusema kimekua au kimepungua.