Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari
Ujumbe unaozungushwa kila msimu wa joto katika makundi ya mitandaoni unadai kwamba kiyoyozi kisichopoza nyumba kimeishiwa gesi, na kwamba gesi hujazwa kila mwaka. Si kweli, tunaomba usiusambaze. Gesi hiyo haiunguzwi, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, hivyo ikipungua kuna mahali inavuja, na maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio hutoa mapovu hapo. Kabla ya kumwita fundi, zima umeme, chomoa chujio ulitazame kwenye mwanga: mara nyingi limevaa vumbi zito kama blanketi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu fundi huosha mashine na kuongeza gesi siku hiyo hiyo, kisha sifa zote huiendea gesi.