Msitu wa kijiji sio msitu wa kufungia kufuli

Kuna watu bado wanaamini kijiji kikishatenga msitu wake wa hifadhi basi ndo imeisha, hakuna kugusa hata fito. Hapana jamani. Sheria ya Misitu ya 2002 hapa Tanzania inakiruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kuvuna, ila kwa mpango: kamati ya maliasili inazunguka kuhesabu miti, mnakubaliana ikatwe mingapi na yenye unene gani, mnatunga sheria ndogo, na doria wanafanya wanakijiji wenyewe.

Angalia Kilwa, kule kuna vijiji vinauza mpingo, ule mti wa vinyago na klarineti, na mwaka 2009 vilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, na hela ya magogo inaingia kijijini wanajengea madarasa na visima. Sasa mtu anayeona mpingo umelipa kisima atakubali kweli mwenye msumeno aje usiku kukata bure?

Ila msichanganye na msitu wa serikali ambao kijiji kinashirikishwa tu kulinda, huko mgao wa kijiji ni mwembamba kweli na ndo malalamiko mengi yanakotoka.