Ovadraivu si ya roki peke yake, jamani

"Toa hicho kidude, hapa tunapiga sebene, si roki." Kidude chenyewe ni ovadraivu, pedali ya kukanyaga inayochafua sauti ya gita, nami naitumia kwenye besi; sebene ni ile sehemu ya kucheza ya muziki wa Kongo. Safari hii aliyesema ni kiongozi wa kwaya moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kabla yake alinibishia mpiga gita la solo, na kabla ya huyo, fundi wa sono, yaani mitambo ya sauti. Nimechoka kujibu kwa mdomo, basi naandika.

Nyinyi hao hao mnarekodi ibada kwa simu, mnaitupa WhatsApp, halafu mnaniuliza mbona besi haisikiki. Itasikikaje? Uzi wa E ukipigwa wazi ni 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ule wa B, kwenye gita la nyuzi tano, ni 31. Spika ya simu haifiki huko kabisa, na spika nyingi za kanisani zinafika zikihema. Ukizidisha besi kwenye ampu unaichosha bure na kutikisa mabati. Noti yenyewe haitoki.

Ovadraivu inakata vilele vya wimbi, na wimbi lililokatwa huzaa sauti za juu yake au kuzipa nguvu zilizokuwepo: 82, 123, 164 na kuendelea kupanda. Kadiri zinavyopanda ndivyo spika ndogo inavyoziweza. Sikio likizipata, linajijazia lenyewe ile 41, na unasikia noti ambayo spika haikuitoa. Hakuna pepo hapo, baba pasta.

"Lakini ovadraivu inakula besi!" Ndiyo, ya mpiga solo inakula. Tube Screamer ya Ibanez imeundwa makusudi ipunguze sauti za chini kabla ya kukata wimbi, ili gita lisitoe matope. Unaiazima, unaichomeka kwenye besi, chini panakuwa patupu, kisha unatangaza mji mzima kwamba pedali ni mbaya. Priampu ya besi, yaani pedali ya kuandaa sauti kabla ya ampu, yenye ovadraivu ndani, mara nyingi ina kitufe cha Blend: sauti safi inapita pembeni, chafu inachanganywa nayo kwa kiasi unachotaka. Mimi naweka Gain, yaani kiasi cha uchafu, robo, Blend chini ya nusu. Nikipiga peke yangu kuna ukwaruzo kidogo. Magita yakiingia, hakuna anayeusikia, ila besi imesogea mbele.

Kwenye sebene usizidishe. Besi yetu inaishi kwenye mpigo wa dole gumba, kiganja kikizima uzi: tum, kimya, tu-tum. Kukata vilele ni kukandamiza. Gain ikipita nusu, mpigo na mkia wake vinakaribia kulingana, kimya kinajaa, na wachezaji wanakosa pa kukanyaga. Hapo kiongozi wa kwaya ana haki ya kulalamika, ingawa sababu anayoitaja siyo.

Tena sauti za kati. Priampu ya SansAmp Bass Driver ya zamani, ya Tech 21, haina kitufe cha sauti za kati, na sauti zake za kati zimebonyea. Nyumbani ni tamu mno. Weka magita matatu na kinanda, inazama. Priampu ya B7K ya Darkglass, kampuni ya Finland, ina vitufe vinne vya toni, viwili ni vya kati. Ningekuwa na pesa ya moja tu, ingekuwa hiyo. DI, yaani tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye sono: kebo ya XLR kwenda kwenye mikisa, ukisikia mvumo bonyeza swichi ya kukata ardhi, twende.

Kuna jambo linanisumbua. Pedali ikiwaka, mara nyingi Level, yaani ukubwa wa sauti inayotoka, nayo imepanda kidogo, na sikio hupenda chochote kilicho na sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo linganisha Level, mpe mdogo wako akanyage, wewe geukia ukutani ubashiri kama imewaka au imezimwa. Mimi huwa nakosea, hasa nyuzi zikiwa mpya, maana nyuzi mpya zina sauti za juu tele. Pedali inaanza kulipa deni lake nyuzi zikichakaa, na sisi Lubumbashi nyuzi za besi tunazipiga mpaka zife, tunazichemsha kwenye sufuria, tunazirudisha kwenye gita.