Maji maangavu si lazima yawe salama

Wengi tumekua tukiamini kwamba maji ya kisima yakiwa maangavu, baridi na matamu, hayana neno. Lakini E. coli, bakteria anayeishi utumboni mwa watu na wanyama, ana urefu wa takriban mikromita 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Hata maelfu yao ndani ya glasi hawabadilishi rangi wala ladha. Mwaka 1854 huko London, mjane mmoja wa Hampstead aliagiza maji ya pampu ya Broad Street kwa kuwa aliyapenda ladha. Kipindupindu kilimuua.

Kinachojibu kama maji ni salama ni kipimo. Sampuli ya mililita 100 hutiwa kwenye chupa isiyo na vijidudu, ikapelekwa maabara ikiwa baridi, kisha ikachujwa kwa utando wenye vitundu vya mikromita 0.45. Utando huo huwekwa juu ya chakula cha bakteria, kwenye joto la nyuzi 44, kwa karibu saa 24. Kila E. coli aliye hai aliyenaswa huzaana hadi kuwa doa linalohesabika kwa macho. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata E. coli mmoja, maana akiwepo, kinyesi cha mtu au mnyama kimeyafikia maji.

Majibu ni ya siku ile tu. Baada ya mvua kubwa pima tena, na ukisubiri majibu, chemsha.