Je, wajua kwa nini wachezaji wa mpira wa kikapu waliosugua benchi mara nyingi hugeuka makocha wakuu hodari?

Jioni moja hapa Goma, kwenye uwanja wa zege uliopakana na mawe meusi ya volkeno, niliwaangalia watu wawili wakifundisha watoto jambo lile lile: namna ya kumzuia mtu anayekujia na mpira. Wa kwanza alikuwa nyota wa mtaa enzi zake. Alichukua mpira, akaonyesha, miguu ikacheza kana kwamba haina uzito. "Munaona? Mufanye vile tu." Watoto wakajaribu, wakapitwa. Akaonyesha tena, kwa kasi ile ile.

Wa pili alicheza naye timu moja, ila yeye alikuwa wa kuingizwa dakika za mwisho, mechi ikiwa imeshaamuliwa. Huyu alipiga goti, akashika kiatu cha mtoto kwa mkono wake, akakisogeza nyuma nusu hatua. "Weka mguu hapa. Usiangalie balo, balo itakudanganya. Angalia kiuno yake." Safari hii mtoto hakupitwa.

Ukifuatilia mpira wa kikapu wa juu kabisa duniani, utakuta tofauti hiyo hiyo ikijirudia. Majina mengi makubwa ya ukocha si ya wale waliofunga pointi 30 kila usiku. Ni ya watu waliopewa dakika chache na kulazimika kuzitumia kwa akili.

Mfano ulio karibu nasi ni Steve Kerr, mchezaji wa akiba aliyegeuka kocha. Nasema karibu kwa sababu Jonathan Kuminga, mtoto aliyezaliwa hapa Goma mwaka 2002, alichaguliwa wa saba na Golden State Warriors mwaka 2021, siku timu zinapogawana wachezaji wapya kwa zamu, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, chini ya kocha huyo huyo.

Kerr alichaguliwa mwaka 1988 akiwa namba 50, mahali ambapo wengi huitwa majina yao na kusahaulika. Alidumu misimu 15. Katika mechi 910 za msimu wa kawaida alianza 30 tu, na wastani wake ni pointi 6 kwa mechi. Hakuwa na mbio, hakuruka juu. Alichokuwa nacho ni mtupo wa mbali: asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia, na hakuna mwenye kiwango cha juu zaidi katika historia ya ligi hiyo. Aliondoka na ubingwa mara 5 kama mchezaji: mitatu akiwa Chicago, miwili akiwa San Antonio.

Juni 1997, Chicago wanacheza na Utah katika mechi ya sita ya fainali. Matokeo ni 86 kwa 86, na muda umekaribia kuisha. Kila mtu ukumbini anajua mpira utaenda kwa Michael Jordan. Wakati timu imeketi kwenye mapumziko mafupi, Jordan anamwambia Kerr ajiandae, kwa sababu John Stockton wa Utah, anayemkaba Kerr, atamwacha ili aende kusaidia kumkaba Jordan. Kerr anajibu kwamba atakuwa tayari. Mchezo unaendelea, Stockton anamwacha kweli, Jordan anatoa pasi, Kerr anatupa. 88 kwa 86, zikiwa zimebaki sekunde 5. Watu wanaukumbuka ule mtupo. Mimi navutiwa zaidi na yale maneno yaliyotangulia, yaani kujua mpinzani atasimama wapi kabla hajasimama, na mchezaji wa akiba kuwa tayari kwa hilo. Ukitaka kujua kazi ya kocha ni ipi, ndiyo hiyo.

Sasa, kwa nini iwe hivyo?

Ujuzi ukikaa sana mwilini unahama kutoka kwenye maneno. Muulize mama anayesonga ugali kila siku kiasi gani cha unga anatia; atakwambia tia mpaka ushike. Hakufichi kitu. Mkono wake unajua, na ulimi uliacha kuhesabu zamani. Nyota wa kikapu yuko hivyo hivyo. Anapomwona beki amehamisha uzito kwenye mguu wa kushoto, yeye ameshapita kulia kabla hajapata hata neno la kuliita alilofanya. Mchezaji wa kawaida hana bahati hiyo. Mwili wake haumwokoi, kwa hiyo lazima auchambue mchezo vipande vipande: nani amechoka, nani hapendi kutumia mkono wa kushoto, nani huwa anasahau kurudi nyuma. Akifika kwa kijana wa miaka 19 asiyeelewa, maneno anayo tayari, kwa sababu yeye mwenyewe aliyahitaji.

Magic Johnson alijaribu ukocha. Hakuna anayebisha kwamba alikuwa miongoni mwa wapanga mchezo wakubwa kuliko wote, yule tunayemwita *meneur* katika Kifaransa chetu cha uwanjani. Mwaka 1994 alishika timu ya Lakers kama kocha mkuu kwa mechi 16. Alishinda 5, akapoteza 11, zikiwemo 10 za mwisho mfululizo, kisha akaachia ngazi. Aliyaona mambo ambayo wachezaji wake hawakuyaona, na macho hayaazimwi.

Halafu kuna suala la muda, ambalo watazamaji wengi hawalijui. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazotumia huku kwetu, mechi ina dakika 40, na kocha anaruhusiwa kusimamisha mchezo mara 2 katika nusu ya kwanza na mara 3 katika nusu ya pili, dakika moja kila mara. Jumla ni dakika 5. Ukitoa zile pumziko za kati ya robo na nusu, hizo ndizo dakika ambazo wachezaji wake wote watano wamekusanyika mbele yake wakimsikiliza. Toa sekunde za kutembea hadi benchi, za kunywa maji, za yule anayelalamikia mwamuzi. Kocha anabaki na nafasi ya kusema sentensi tatu, nne. Akisema kumi, hakuna itakayobebwa kurudi uwanjani.

Mchezaji wa benchi ameishi ndani ya dakika hiyo miaka yote ya kazi yake. Nyota anatumia muda ule kutafuta pumzi, na ni haki yake. Wa akiba hajatoka jasho; anasikiliza. Anasikia kocha alichosema, kisha anaketi na kutazama kama kimefanyika. Hesabu mara hizo kwa misimu 15. Na Kerr hakusikiliza watu wadogo: Chicago alikuwa na kocha Phil Jackson, San Antonio alikuwa na kocha Gregg Popovich.

Jackson mwenyewe alipitia njia hiyo. Alikuwa mchezaji wa akiba wa New York Knicks, na msimu wa 1969-70 hakucheza kabisa kwa sababu ya upasuaji wa mgongo. Alikaa pembeni akitazama timu yake ikichukua ubingwa. Baadaye alifundisha katika ligi ndogo, kwenye timu ya Albany, akarudi NBA kama msaidizi Chicago mwaka 1987, na mwaka 1989 ndipo akawa kocha mkuu. Alimaliza na ubingwa mara 11 kama kocha. Miaka ile ya kati, ya viwanja vidogo na posho ndogo, naihesabu kuwa muhimu kuliko vikombe vyenyewe. Nyota wachache hukubali kuipitia. Aliyezoea kuitwa jina lake na ukumbi mzima huona shida kubeba mipira na kukata vipande vya video usiku wa manane.

Jambo moja zaidi ambalo benchi hufundisha ni namna ya kuzungumza na anayeumia. Kerr alipoanza kazi Golden State mwaka 2014, alimwomba Andre Iguodala akae benchi. Iguodala alikuwa ameanza kila mechi aliyowahi kucheza katika ligi hiyo, mechi 758. Mtu asiyewahi kukaa huko angemwambiaje? Kerr aliweza kumwambia kwa sababu alikaa, na Iguodala alikubali. Msimu ule ule, katika fainali, Warriors walikuwa nyuma kwa mechi 2 kwa 1 mbele ya Cleveland. Msaidizi wa miaka 28 kwa jina Nick U'Ren, aliyekesha akitazama video, alipendekeza Iguodala aanze badala ya Andrew Bogut, mchezaji mrefu wa kati. Kerr alisikiliza wazo la kijana ambaye si kocha mkubwa wala mchezaji wa zamani. Walishinda mechi 3 zilizofuata, na Iguodala akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Nisieleweke vibaya: hii si sheria. Bill Russell, nyota wa nyota, alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja huko Boston kuanzia 1966, akiwa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa NBA, na alichukua ubingwa wa 1968 na 1969 hivyo hivyo. Larry Bird, nyota mwingine, alikuwa kocha bora wa mwaka 1998. Kwa upande mwingine, Popovich hakucheza NBA hata dakika moja na ana ubingwa 5. Erik Spoelstra wa Miami alianzia kwenye chumba cha video. Na hesabu yenyewe inachangia: wachezaji wa kawaida ni wengi kuliko nyota, basi si ajabu makocha wengi watoke kwao. Hata hivyo, ukiwatazama Russell na Bird kwa makini, walikuwa nyota wa kuona mapema na kusema, si wa kuruka tu.

Hapa kwetu njia huanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na kanuni zenyewe zinairuhusu. FIBA inasema timu isipokuwa na kocha, kapteni ndiye anayeshika kazi hiyo huku akicheza. Timu za mitaa zinaijua hali hiyo vizuri: kocha amesafiri, au hajawahi kuwepo. Kapteni anapeleka orodha ya majina kwa karani wa meza angalau dakika 40 kabla ya mechi. Dakika 10 kabla, anathibitisha majina, anatia sahihi na kutaja watano wa kuanza. Yule aliyeshika kiatu cha mtoto aliniambia hivyo ndivyo alivyoanza, akiwa na miaka 24. Siku ile aliandika majina ya watano, akalitazama la kwake, akalifuta, akamweka mdogo aliyekuwa na mbio kuliko yeye.