Marietta Alboni: opera iliyoimbwa nje ya opera

Oktoba 1847 Marietta Alboni, mwimbaji kutoka Italia, aliimba matamasha manne katika Opera ya Paris, jumba la opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa. Alikuwa na miaka 21. Aprili ya mwaka huohuo London ilikuwa imemshangilia katika jumba la Covent Garden, katika Semiramide, opera ya mtunzi Mwitalia Rossini, kwa hiyo swali ni la haki: mwimbaji aliyekwisha kung'ara hivyo amepelekwaje kwenye jukwaa kubwa la Ufaransa kuimba nyimbo mojamoja, bila mavazi ya mhusika wala kisa cha kuigiza?

Jibu ni lugha. Katika nyumba ile opera ziliimbwa kwa Kifaransa, na Alboni alikuwa mwimbaji wa Kiitalia. Tamasha halikufungwa na kanuni hiyo. Mimi hufundisha uimbaji, na kadiri ninavyomfuatilia mama huyu ndivyo ninavyoamini kwamba katika karne ya 19 tamasha lilikuwa njia ya Waitalia pale opera yenyewe ilipokwama.

Sauti yake ilikuwa kontralto, ile sauti ya kike iliyo nzito kuliko zote. Rossini mwenyewe alimfundisha Bologna, akampitisha katika sehemu alizowaandikia makontralto. Mwaka ule wa 1847 London ilimpa hata sehemu ya mhusika Don Carlo katika Ernani, opera ya Verdi, iliyoandikwa kwa baritoni, sauti ya kiume ya kati, na akaiimba.

Lakini sauti nzuri peke yake haitoshi kuutoa wimbo ndani ya opera ukabaki na uhai. Wimbo wenyewe lazima uwe umeundwa hivyo. Chukua wimbo wa mwisho wa La Cenerentola, opera ya Rossini iliyotoka Roma mwaka 1817, ambao Alboni alisifika nao. Unaanza polepole: binti, mhusika mkuu, anasema alizaliwa katika huzuni na machozi, akavumilia kimya. Kisha anawasamehe waliomtesa, na ndipo inakuja sehemu ya kasi, Non più mesta, furaha tupu. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu opera ile amekwisha kupewa kisa kizima, mwanzo hadi mwisho, kwa dakika chache tu.

Halafu kuna marudio. Muziki wa kasi hurudi, na kila unaporudi hupambwa zaidi, noti zikimiminika kutoka chini kabisa hadi juu, zaidi ya oktavu mbili (oktavu moja ni ngazi ya noti nane). Waimbaji wa zama zile walitarajiwa pia kuongeza madoido yao wenyewe. Jukwaani kulikuwa na mengi ya kutazama. Kwenye tamasha macho yote yako kwa mtu mmoja aliyesimama wima, na kila pumzi aliyoivuta vibaya inasikika. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasidhani tamasha lilikuwa kazi nyepesi ya kujiongezea kipato.

New York, 1852, mambo yalikuwa hivyohivyo: alianza na matamasha Metropolitan Hall mwezi Juni, na opera zikafuata mwishoni mwa mwaka. Mshairi Walt Whitman aliandika kwamba alimsikia kila mara alipoimba mjini humo.

Safari iliyonigusa zaidi ni ya baadaye. Alboni alikuwa ameacha jukwaa tangu 1863. Rossini alikuwa ametunga misa, yaani muziki wa maneno ya ibada ya Kikatoliki, Petite messe solennelle, iliyoimbwa mwaka 1864 nyumbani kwa tajiri mmoja wa Paris kwa piano mbili na harmoniamu, kinanda kidogo cha upepo. Alimwandikia Papa Pius IX akiomba wanawake waruhusiwe kuimba pamoja na wanaume kanisani, ruhusa haikutoka. Toleo la okestra aliliweka kando, akafariki Novemba 1868. Februari 1869 misa hiyo ikaimbwa hadharani, na mahali pake hapakuwa kanisani bali Théâtre-Italien, jumba la opera za Kiitalia mjini Paris. Alboni alirudi kuiimba, kisha akazunguka nayo miji ya Ulaya kwa ajili ya mwalimu wake.

Sehemu ya kufunga, Agnus Dei, ni ya kontralto na kwaya. Mwimbaji anaomba, kwaya inamjibu bila ala, naye anaomba tena kwa nguvu zaidi. Hakuna mbio za noti humo, kuna sentensi ndefu tu zinazodai pumzi iliyotulia. Mimi huwapa wanafunzi Agnus Dei hii baada ya wimbo wa La Cenerentola, kamwe si kabla.